Namna ya kutengeneza kitabu cha picha cha watoto kuhusu Galileo

Kitabu changu cha kwanza cha picha kuhusu Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia wa nyota na sayari, kilianzia Pisa alikozaliwa mwaka 1564, kikamalizikia Arcetri alikofariki mwaka 1642. Niliwasomea watoto wa darasa la pili na la tatu. Kufika ukurasa wa nne walikuwa wanachungulia nje ya dirisha. Nilirudi nyumbani nikakiandika upya, na njia ninayoieleza hapa ndiyo iliyowafanya wainuke kwenye mkeka ili waione picha kwa karibu.

Hatua ya 1: Chagua siku chache, si maisha yote

Galileo ametuachia zawadi ambayo mchoraji hapaswi kuiacha. Januari 1610, akiwa Padua na umri wa miaka 45, aliielekeza darubini yake kwenye sayari ya Mshtarii na kuanza kuchora alichokiona kila usiku: duara moja la sayari, na vinyota vidogo pembeni yake. Tarehe 7 viwili vilikuwa mashariki na kimoja magharibi. Tarehe 8 vyote vitatu vilikuwa magharibi. Tarehe 9 mbingu zilifunikwa na mawingu. Tarehe 10 vilionekana viwili tu, vyote mashariki, na alidhani cha tatu kimejificha nyuma ya Mshtarii. Tarehe 13 vikawa vinne. Havikuwa nyota: ilikuwa miezi inayoizunguka Mshtarii.

Hapo hadithi iko tayari. Kila mtoto aliyewahi kucheza kibe anaielewa bila kuelezwa.

Hatua ya 2: Toa yasiyo ya kweli

Galileo hakubuni darubini. Chombo hicho kilijulikana Uholanzi mwaka 1608. Yeye alisikia habari zake, akatengeneza chake, akakiboresha mpaka kikakuza vitu karibu mara 20. Kisa cha kudondosha mipira kutoka mnara wa Pisa kilisimuliwa na mwanafunzi wake Viviani, na wanahistoria wengi wanakitilia shaka. Nao ule usemi maarufu, kwamba Dunia "hata hivyo inazunguka", haumo katika kumbukumbu za kesi yake ya mwaka 1633, alipolazimishwa kukana kuwa Dunia inalizunguka Jua. Mimi nimeviacha vyote viwili. Picha anayoiona mtoto wa miaka saba hukaa kichwani miaka mingi, na ni kazi kubwa kuja kuifuta.

Hatua ya 3: Pima maneno yako ya Kiswahili

Niliandika kwa furaha: "Mshtarii ina miezi minne." Mtoto mmoja akauliza, "Kisha inakuwaje mwezi wa tano?" Alikuwa na haki. Kwetu mwezi ni ule wa angani na ni ule wa kalenda. Sasa nahakikisha picha inatangulia, kisha naandika "miezi minne inayoizunguka Mshtarii", na neno kuzunguka linaondoa utata.

Jambo la pili: mwite Galileo mwanafalaki, yaani mtu anayechunguza nyota na sayari. Ukisema mnajimu, watoto wengi watamfikiria mtu wa kupiga ramli. Ni kweli Galileo aliwahi kuwatazamia watu nyota zao, lakini hadithi hii si ya hilo.

Kila ukurasa usizidi maneno 25. Huu ni mfano wangu wa tarehe 8: "Galileo anatazama tena. Vinyota vyote vitatu viko upande mmoja! Nani amevihamisha?"

Hatua ya 4: Kunja kitabu kitupu

Chukua karatasi 6 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati. Umepata kurasa 24 za A5. Ziandike namba kwa penseli. Kila picha ya anga iweke ukurasa wa kulia, maneno yake kushoto, ili mtoto akifungua ukurasa aone anga mpya kwa ghafla. Mimi huweka tarehe 7 ukurasa wa 9, tarehe 8 wa 11, tarehe 9 wa 13, tarehe 10 wa 15, na tarehe 13 wa 17. Tarehe 11 na 12 naziruka, na maneno yanasema wazi kwamba siku tatu zimepita.

Usiuondoe ukurasa wa mawingu. Nilishauriwa niufute kwa kuwa "hauna kitu". Nikasomea watoto, na huo ndio ukurasa waliounyamazia zaidi. Kungoja ni sehemu ya kazi ya mwanafalaki.

Hatua ya 5: Mshtarii isihame

Mtoto ataamini kwamba vinyota vinahama ikiwa tu sayari yenyewe imekaa pale pale. Kata kipande cha manila cha ukubwa wa A5, toboa duara katikati, kisha ukitumie kama kipimo kwenye kila ukurasa wa anga. Ukikosea hata nusu sentimita, macho yatafuata Mshtarii na siri yote itapotea. Mashariki iwe kushoto, kama Galileo alivyochora.

Hatua ya 6: Anga ya usiku kwa nta

Chora kwenye karatasi nene, si kwenye kitabu chenyewe. Tumia krayoni nyeupe iliyochongwa, au kipande cha mshumaa, kuweka Mshtarii na vinyota. Nta haionekani juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo inamisha karatasi kuelekea dirishani uone inavyong'aa. Kisha pitisha wino wa buluu uliozimuliwa kwa maji. Nta inakataa maji, na nyota zinajitokeza zenyewe. Acha ikauke, pitisha mara ya pili. Usisugue. Picha zikikauka, zipeleke steshenari zikaskaniwe, uzichapishe kwenye kurasa zako na kupiga stepla katikati.

Hatua ya 7: Uso na mwezi

Picha nyingi za Galileo zinaonyesha mzee mwenye ndevu nyeupe, kwa sababu ile iliyochorwa na mchoraji Sustermans mwaka 1636 ndiyo maarufu. Wewe unachora mtu wa miaka 45. Mpe ndevu zisizo na mvi nyingi.

Ukitaka kuongeza mwezi mchanga, kumbuka kwamba kwetu karibu na ikweta hulala chali kama ngalawa. Padua iko mbali kaskazini, na mwezi mchanga alioutazama mwishoni mwa Novemba 1609 ulisimama zaidi. Usimpe mwezi wa Tanga.

Hatua ya 8: Kesi yake, kisha ukurasa wa mwisho

Kesi ya mwaka 1633 naipa kurasa mbili tu: dirisha la nyumba upande mmoja, na maneno kwamba mahakama ya Kanisa huko Roma ilimlazimisha kukana kuwa Dunia inalizunguka Jua, akazuiliwa nyumbani mpaka alipofariki. Mtoto akiuliza zaidi, jibu kwa mdomo.

Ukurasa wa 24 chora duara tupu la Mshtarii na mstari wa tarehe, ili mtoto achore mwenyewe anachokiona angani. Darubini ya kawaida ya macho mawili, ikiegemezwa ukutani isitikisike, inatosha kuionyesha miezi hiyo. Funga penseli fupi kwa uzi kwenye mgongo wa kitabu, maana gizani penseli hupotea.