Kukinga Tumbo la Gari la Chini kwenye Barabara za Milimani

Toyota IST, Vitz, Passo na Premio ziliundwa kwa ajili ya lami, lakini ndizo zinazobeba watu na mizigo kila siku kwenye barabara za udongo za Usambara, Upare, Uluguru na Makete. Fuso za mbao na mboga zinachimba mifereji miwili, katikati linabaki tuta lenye mawe, na tuta hilo ndilo linalokwangua gari dogo kwa chini. Mwongozo huu ni wa magari hayo yanayovutwa na tairi za mbele.

Kuna swali moja la kujiuliza katika kila hatua: jiwe likigonga, uzito wa gari unaenda kukalia wapi? Ukikalia chesisi, safari inaendelea. Ukikalia sampo (bakuli la oili lililo chini ya injini), umepoteza oili, na huenda na injini pia.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Egesha gari kwenye sakafu bapa, likiwa na mzigo wa kawaida: abiria, mafuta nusu tangi, tairi ya akiba. Gari tupu linadanganya. Kwa futi kamba, pima kutoka chini hadi sehemu nne: sampo ya injini, sampo ya gia boksi, bomba la eksozi mahali lilipo chini zaidi, na boriti ya ekseli ya nyuma. Andika namba hizo, utazihitaji baadaye.

Kisha inua gari kwa jeki na uliweke juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Ukiwa chini, angalia mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita kando ya sakafu, tangi la mafuta, waya wa sensa ya eksozi na kebo ya hendibreki. Watu wengi wanakinga sampo tu, halafu wanakatikiwa na bomba la breki.

Hatua ya 2: Rudisha urefu ambao gari limeupoteza

Kabla ya kufikiria spesa (vipande vinavyowekwa kwenye springi ili kuinua gari), tengeneza kilichochoka. Mipira inayoning'iniza eksozi ikilegea, bomba hushuka kwa sentimita kadhaa, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Springi za nyuma zilizobeba magunia kwa miaka huwa zimelala, kwa hiyo linganisha kushoto na kulia. Shokapu iliyokufa haishushi gari likiwa limesimama, ila ikipita shimo inaliacha lizame mpaka mwisho na kudunda tena kwenye jiwe linalofuata. Ndiyo maana gari linaweza kupimwa likaonekana liko juu vya kutosha, na bado likagonga barabarani.

Hatua ya 3: Inua kwa kiasi

Tairi ndiyo njia pekee inayoinua kila kitu, pamoja na ekseli ya nyuma. Tairi ya 175/65R14 ina kipenyo cha milimita 583 hivi. Ukiweka 175/70R14 unapata 601, yaani gari linapanda karibu milimita 9. Ukienda 185/70R14 unafika 615 na gari linapanda milimita 16, lakini spidomita itakudanganya kwa zaidi ya asilimia 5, na lazima ukate usukani mpaka mwisho pande zote mbili uone kama tairi haigusi plastiki za bodi wala springi.

Spesa za springi zinainua bodi, injini na eksozi, ila boriti ya nyuma inabaki pale pale. Milimita 20 hadi 30 zinatosha. Ukizidisha, draivu shafti (vyuma vinavyozungusha tairi za mbele) zinakaa kwa pembe kali, mipira yake inachanika, grisi inatoka, na ndani ya muda mfupi utasikia kelele ya ta-ta-ta kila ukikata kona. Mipira ya breki nayo huvutika, kwa hiyo acha tairi ining'inie hewani ukague kama bado ina ulegevu. Springi ibanwe kwa kibanio chake maalumu, si kwa waya wala kamba: springi iliyobanwa ikichomoka inaweza kuua. Ukimaliza, peleka gari kwenye wili alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa tairi), la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja.

Hatua ya 4: Chora na ukate bati la kukinga sampo

Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, kwa hiyo usiharakishe.

Toa kwanza plastiki ya chini kama bado ipo. Chukua boksi la katoni, likate, ulishike chini ya injini na kulipunguza mpaka lifunike kuanzia chini ya radieta hadi nyuma ya sampo za injini na gia boksi. Kwa magari haya eneo hilo hukaribia sentimita 70 kwa 60. Weka alama za matundu ya bolti, plagi ya kumwagia oili na filta kwenye katoni, si kwenye bati.

Bati la chuma la milimita 3 la ukubwa huo lina uzito wa kilo 10 hivi. La milimita 2 karibu kilo 6.6, aluminiamu ya milimita 5 haifiki kilo 6. Kama fedha inaruhusu, chagua aluminiamu. Kama ni chuma, milimita 2 zilizokunjwa kingo zinashinda milimita 3 zilizoachwa bapa, kwa sababu ukunjo ndio unaolipa bati ugumu. Bati la pipa la mafuta halifai. Ni jembamba, jiwe la kwanza linalibonyeza mpaka linagusa sampo, na tangu hapo kila kishindo kinapita moja kwa moja kwenye sampo uliyotaka kuikinga.

Kunja hivi:

- Ukingo wa mbele upande juu kwa nyuzi 30 hadi 45, urefu wa sentimita 12 au zaidi. Bati linatakiwa kuteleza juu ya jiwe. Likiwa bapa mbele linachimba udongo kama jembe.
- Kingo za pembeni zikunjwe juu milimita 25.
- Nyuma acha wazi, pembe zikiwa zimeviringwa. Ukirudi kinyumenyume, kona kali ya nyuma ndiyo inayonasa.

Tundu la plagi ya oili liwe na kipenyo cha milimita 60 hadi 70, ili spana iingie na oili ipite bila kumwagika juu ya bati. Fanya vivyo hivyo kwenye filta kama inafunguliwa kutoka chini.

Kisha hewa. Kupanda mlima kwa gia namba moja na mbili kunapasha moto injini na gia boksi kuliko safari ndefu ya lami, na bati linafunga njia ya hewa ya chini. Kata mipasuo mitano au sita ya upana wa sentimita 10, na ukunje midomo yake ielekee nyuma, ili hewa itoke na matope yasiingie kwa nguvu.

Hatua ya 5: Funga kwenye chesisi

Nyuma, funga bati kwenye boriti nene inayobeba wishboni (mikono inayoshika tairi za mbele). Mbele usifungie kwenye kipande cha bati jembamba kinachoshika radieta: kikipinda, radieta inasukumwa na kuvuja. Tengeneza vishikizo viwili vya chuma cha milimita 4 vinavyofika kwenye chesisi za pembeni. Magari mengi yaliyoletwa kwa meli kutoka Japani yana ndoano za kufungia gari zilizobanwa kwenye chesisi hizo. Matundu yake ya bolti ni sehemu nzuri kabisa.

Usifunge bati kwenye injini, gia boksi wala wishboni. Injini inatikisika juu ya maunti zake (mipira inayoibeba) na wishboni inapanda na kushuka; bati likishikwa huko linapasuka au linavunja pale lilipofungwa.

Vishikizo vichomelewe nje ya gari, mezani. Kuchomelea chini ya gari karibu na tangi na mabomba ya petroli ni hatari ya moto, na umeme wa welda unaweza kuunguza kompyuta ya injini.

Tumia bolti za M8 daraja 8.8, nne mpaka sita, zenye washa pana na nati zenye plastiki ya kuzuia kulegea. Vichwa vya bolti vilivyo chini visijitokeze: piga shimo la kuzamisha kichwa, au zungushia kila kichwa kipande kidogo cha bati pande mbili. Kichwa kikikwanguka hutaweza kukifungua siku ya kubadilisha oili.

Kati ya bati na sampo acha nafasi ya milimita 15 hadi 25. Kati ya bati na eksozi, hasa palipo na masega (kichujio cha moshi kilicho ndani ya eksozi), acha zaidi ya milimita 50. Usijaze nafasi hiyo kwa mpira, godoro wala matambara. Masega yana moto mkali sana, na majani makavu yakikusanyika juu ya bati yanaweza kuwaka. Wakati wa kiangazi yatoe kila wiki.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, kaza bolti zote upya.

Hatua ya 6: Mabomba na sakafu

Chana mpira wa maji kwa urefu, uvike mabomba ya breki na mafuta, kisha ubane kwa klipu zake. Palipo wazi sana, funga chuma cha pembe cha milimita 25 kwenye sakafu ngumu, kando ya bomba, kiwe chini kidogo kuliko bomba.

Rangi nzito ya lami inazuia kutu na kokoto, lakini haizuii jiwe. Osha, kausha siku nzima, pakaza mara mbili nyepesi. Usipake eksozi, bushi, maungio ya breki wala matundu ya kutolea maji chini ya milango.

Hatua ya 7: Barabarani

Weka tairi juu ya tuta, si tumbo juu ya tuta: tairi moja ipande katikati, nyingine ipite ukingoni upande wa mlima. Ukingo wa bondeni uache, hasa wakati wa masika, kwa sababu udongo wake umelowa na unakatika bila dalili.

Ukifunga breki, pua ya gari inazama. Punguza mwendo mapema, halafu achia breki kabla tairi za mbele hazijafika kwenye jiwe. Watu wengi hugonga si kwa kukimbia, bali kwa kushika breki juu ya jiwe lenyewe. Mfereji unaokatiza barabara uvuke kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine. Abiria washuke, anayeelekeza asimame mbele upande wa juu, asikae kamwe upande gari litakakoserereka.

Usipunguze upepo wa tairi. Ushauri huo ni wa magari ya juu yenye tairi nene; kwako unashusha tumbo na kuacha rimu igonge jiwe.

Hatua ya 8: Ukigonga

Taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo. Hata kama hakuna tone chini, sampo iliyobonyea inaweza kuwa imeziba mdomo wa chujio linalonyonya oili, na injini inazunguka bila oili.

Taa isipowaka, simama mahali salama na uchungulie. Oili nyeusi au ya kahawia ni ya injini, nyekundu mara nyingi ni ya gia boksi ya otomatiki, kijani au waridi ni maji ya radieta, na kimiminika chepesi cha kuteleza karibu na tairi au bomba ni cha breki: hapo usiendelee kabisa, hasa kwenye mteremko.

Ndani ya buti weka oili lita 4 (injini za 1NZ, kama ya IST, huchukua lita 3.7 hivi pamoja na filta), gundi ya chuma ya sehemu mbili, msasa, waya na kipande cha sabuni ya mche. Ufa mdogo wa tangi la petroli unasuguliwa sabuni kavu mpaka utulie, ili ufike gereji. Sampo ya chuma iliyotoboka: mwaga oili yote, piga msasa, futa kwa petroli mpaka pasiwe na mafuta hata kidogo, paka gundi na usubiri kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, milimani kuna baridi, ongeza saa. Nyumba ya gia boksi iliyopasuka haizibwi hivyo, vuta gari.

Ukifika, fungua bati hata kama linaonekana zima. Matope yaliyojaa juu yake hunyonya oili inayovuja na kuificha. Nyoosha palipobonyea, pima tena ile nafasi ya milimita 15, na bolti iliyopinda itupwe, iwekwe mpya.