Kabla hujanunua SUV ya biashara hapa Marekani, fungua mlango wa dereva

Ikifika Desemba, simu yangu hapa Houston haitulii. Mwenye kampuni ya usafi, mwenye kusambaza mizigo, wote swali moja: "Dada, nikichukua SUV kubwa, IRS wananirudishia hela?" IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, hawakurudishii. Wanakuruhusu kuitoa bei ya gari kwenye faida kabla haijakatwa kodi, na si lazima iwe bei yote.

Fungua mlango wa dereva, utazame kibandiko kwenye fremu. Tafuta herufi GVWR. Huo si uzito wa gari tupu; ni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa likiwa na watu na mzigo. Kipige picha unitumie kabla hujasaini. Muuzaji akikuambia "hili ni la kodi", mwache aseme.

GVWR ya pauni 6,000 kushuka chini, kama Toyota RAV4: kwa gari lililoanza kazi 2025, mwaka wa kwanza hutoi zaidi ya dola 20,200. Likizidi 6,000 lisivuke 14,000, SUV iliyoanza kazi 2025 ilikuwa na kikomo cha dola 31,300 chini ya Kifungu cha 179, yaani sehemu ya sheria ya kodi inayokuruhusu kutoa bei ya kifaa cha biashara mwaka uleule. Pikapu inakwepa kikomo hicho iwapo bodi ya nyuma, kwa ndani, ina futi 6 au zaidi. Ford F-150 yenye bodi ya futi 5.5 haikwepi, kwa hiyo nenda na futi kamba. Wa malori makubwa hili haliwahusu.

Juu ya hizo 31,300 kuna uchakavu wa bonasi (kutoa mwaka wa kwanza thamani ambayo kawaida hutolewa kidogo kidogo kwa miaka), ambao sheria ya Julai 2025 imeurudisha kwenye asilimia 100 kwa gari lililopatikana baada ya Januari 19, 2025. Tuseme SUV nzito ya dola 60,000 iliyoanza kazi 2025, matumizi ya kazi asilimia 80. Unaanza na 48,000, siyo 60,000. Kifungu cha 179 kinabeba 31,300, bonasi inamalizia 16,700.

Hiyo asilimia 80 ndiyo inayowaumiza watu. Iandike siku ileile: tarehe, ulikokwenda, kwa nini, maili. Kanisani, shuleni kwa watoto, kutoka nyumbani kwenda kazini kwako kwa kila siku, hizo si maili za biashara. Matumizi ya kazi yasipozidi asilimia 50, Kifungu cha 179 hukipati. Yakishuka hapo miaka ya mbele, sehemu ya ulichotoa inarudi kuwa mapato. Tena gari liwe limeanza kazi kufikia Desemba 31. Kulipia tu likabaki kwa muuzaji hakutoshi.

Na kama umekopa, fikiri mara mbili. Ukitoa yote mwaka huu, mwakani marejesho ya benki yako palepale, lakini uchakavu wa kupunguza kodi umeshaisha. Mwenye faida ndogo mwaka huu mara nyingi namshauri atoe kidogo kidogo.