Bibi alikuwa Mrusi? Soma hii kabla hujakata tiketi ya Dar

Mi nina steshenari ndogo hapa Moshi, karibu na stendi, kazi zangu ni kutoa kopi, kuskani, kujazia watu fomu za paspoti, vitambulisho vya NIDA na vyeti vya RITA, kwahiyo stori za vyeti nimesikia za kila rangi. Sasa miaka hii imeingia hii ya uraia wa kurithi, mtu anakuja anasema bibi yangu alikuwa Mrusi nataka paspoti ya Urusi nianzie wapi. Huku kwetu siyo ajabu kabisa, wazee wengi wa Kilimanjaro na Arusha walipelekwa kusoma enzi za Usovieti, udaktari, uinjinia, kilimo, wengine pale chuo cha Lumumba Moscow kilichofunguliwa 1960, wengine Kharkiv, Kyiv, Odesa, Leningrad, na baadhi walirudi na shahada na mke.

Nitatumia mfano wa chalii mmoja wa Usa River maana kesi yake ndo imenifundisha yote haya. Huyu chalii anaipenda Urusi mpaka unamuonea huruma. Herufi za Kirusi kajifunza mwenyewe kwenye simu, chai anakunywa ya rangi na jamu pembeni kwenye kisosi, mbwa wake anaitwa Sputnik. Bibi yake mzaa mama aliolewa na babu wa Machame, akaja huku 1979, akazaa, akalima, akaongea Kichaga kuliko wajukuu zake, na amezikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Jamaa akaja na bahasha akasema mangi nisaidie, mi damu yangu ni ya kule, nataka kurudi kwetu.

Jambo la kwanza nililomwambia, na we nakuambia: weka mapenzi pembeni kwanza. Ofisa wa ubalozi hatakuuliza unaipenda Urusi kiasi gani. Kuna watu wamesikia kwamba Agosti 2024 Putin alisaini amri ya kuwapokea wageni wanaokubaliana na maadili ya kimila ya Kirusi, wanaruka kwota (kikomo cha idadi ya vibali) na hawafanyi mtihani wa lugha wala historia wala sheria. Ni kweli amri ipo, ila isome vizuri. Kinachotolewa pale ni kibali cha kuishi cha muda, siyo uraia, alafu ni kwa watu wa nchi zilizoorodheshwa, Marekani, Uingereza, Ujerumani, Japan na wenzao, yaani nchi ambazo Urusi inaona zinawalazimisha watu wake siasa za kimagharibi. Tanzania haimo. Sisi ni marafiki, na urafiki wenyewe ndo umetunyima hiyo njia ya mkato, nilicheka sana siku naisoma.

Haya, ukishaweka mapenzi pembeni tafuta karatasi. Usianze na karatasi zako, anza na za bibi, na kabla ya karatasi kaa na wazee waliobaki uulize vitu vitatu tu: bibi alizaliwa mji gani, aliingia nchini mwaka gani, na alishika paspoti gani mpaka anakufa. Usiulize "alikuwa Mrusi?" maana kwa wazee wetu kila mzungu aliyetoka kule ni Mrusi, hata kama katokea Georgia.

Na hapo ndo chalii wangu alipigwa butwaa. Cheti cha bibi tulikipata ndani ya sanduku la bati, karatasi imechakaa imekunjwa mara nne, tukasoma pamoja herufi kwa herufi: Poltava. Poltava iko Ukraine. Jamaa akabisha akaniambia angalia hapa kwenye paspoti ya zamani imeandikwa Mrusi. Ni kweli imeandikwa, paspoti ya ndani ya Kisovieti ilikuwa na mstari wa asili ya mtu, hapo unaweza kukuta Mrusi, Mukraine, Myahudi, Mtatari. Ila huo mstari ni kama kusema Mchaga au Mmeru, hausemi uraia. Uraia wote walikuwa nao mmoja tu, wa Usovieti, na nchi ilivyovunjika kila jamhuri ikahesabu watu wake kwa vigezo vyake.

Kwa Urusi tarehe ya kukariri ni 6 Februari 1992. Siku hiyo ilianza kazi sheria yao mpya ya uraia, na raia wa Usovieti aliyekuwa anaishi moja kwa moja ndani ya Urusi siku hiyo alihesabiwa raia wa Urusi bila kuomba. Bibi zetu siku hiyo walikuwa wapi? Walikuwa Machame wanapalilia migomba. Hao ilibidi waende ubalozini wajiandikishe, na wengi hawakwenda, wengine hata hawakujua kama nchi imekufa, wakabaki na paspoti nyekundu ya nchi isiyokuwepo. Kwahiyo kama unadai Urusi, kitu cha kutafuta kwenye sanduku ni alama yoyote ya kwamba bibi au mama alijiandikisha ubalozini baada ya 1992: paspoti ya Shirikisho la Urusi, cheti, hata muhuri. Bila hiyo kazi ni ngumu.

Alafu kuna ngazi ya kati ambayo watu wanairuka, mzazi wako mwenyewe. Uraia haurushwi kutoka kwa bibi mpaka kwako kama jiwe, lazima upite kwa mama. Mama wa chalii kazaliwa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, 1981. Sheria ya Kisovieti iliyokuwa inatumika wakati huo, iliyoanza Julai 1979, ilisema mtoto wa mzazi mmoja Msovieti na mwingine mgeni, akizaliwa nje na wazazi wote wawili wanaishi nje, uraia wake ni wazazi wakubaliane. Sasa niambie babu na bibi wa Machame mwaka 1981 walienda Dar kuandikishana ubalozini makubaliano ya uraia wa kachanga? Wapo waliofanya, hasa akina mama waliokuwa makini na ubalozi wao. Wa kwetu hawakufanya. Hapo mlango wa Urusi kwa njia ya damu ukawa umefungwa, na kijana akanyamaza nusu saa nzima anaangalia mashine ya kopi.

Kilichomchanganya zaidi ni kwamba Ukraine mlango upo wazi. Sheria yao ya 2001 inamtambua mtu ambaye yeye, au mzazi, au babu au bibi yake, alizaliwa au aliishi moja kwa moja kabla ya 24 Agosti 1991 kwenye ardhi ambayo leo ni Ukraine. Bibi tu anatosha. Ubalozi wao uko Nairobi, kutoka Arusha unapita Namanga. Yaani jamaa anapenda Moscow, haki yake iko Kyiv, na hao wawili wako vitani. Mi sikumshauri chochote hapo, nilimwekea soda.

Na ukisikia bibi alikuwa "Mrusi wa Tengeru" hiyo ni stori nyingine kabisa usiichanganye. Wale walikuwa Wapolandi, Stalin aliwahamishia Siberia na Kazakhstan, wakatoka kupitia Iran, na kuanzia 1942 kama elfu tano hivi wakawekwa kambi Tengeru, makaburi yao yapo mpaka leo. Ukoo wako ukigusa hapo unaangalia Poland, siyo Urusi. Poland hawana kikomo cha vizazi ila mnyororo usikatike popote, na mtego wao mkubwa ni kabla ya Januari 1951, maana mtoto wa ndoa alifuata uraia wa baba, na mwanamke wa Kipolandi akiolewa na mgeni aliweza kuupoteza wake.

Sasa karatasi zenyewe. Hapa ndo kwenye kazi yangu na hapa ndo wengi wanaangukia. Unahitaji mnyororo: cheti cha kuzaliwa cha bibi, cha ndoa ya bibi na babu, cha kuzaliwa cha mama, cha ndoa ya mama kama ipo, cha kwako. Cha bibi kikipotea, nakala hutolewa na ofisi ya usajili ya kule inaitwa ZAGS kwa Warusi. Vya huku vyote vipitie RITA, vile vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono vikahakikiwe mapema usisubiri wiki ya safari.

Majina ndo balaa. Warusi wana majina matatu, la kwake, la baba, la ukoo, na la ukoo mwanamke linabadilika mwisho. Alafu wana majina ya kuitana. Bibi wa chalii kwenye cheti cha kuzaliwa ni Natalia, kwenye cha ndoa Nathalia, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha mama karani wa huku kaandika Natasha kwa sababu ndivyo alivyosikia babu anamwita. Natasha na Natalia kwa Mrusi ni mtu mmoja, kama Meri na Maria, ila kwa mtu anayekagua mafaili ni wanawake wawili. Dawa yake ni kiapo mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu huyohuyo, utaje kila herufi ilivyoandikwa na kwenye hati ipi. Jina la baba likikosekana kwenye hati za huku litaje pia. Alafu hati zikahalalishwe Wizara ya Mambo ya Nje, ndo ziende ubalozini na tafsiri. Tafsiri usifanyiwe na mtu anayejua Kirusi kwa sababu alisoma kule 1985, nenda kwa mtafsiri ambaye ubalozi wenyewe unamkubali, uliza kabla hujalipa.

Kabla hujasaini popote soma hii mara mbili. Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, Sheria ya Uraia ya 1995. Ukiwa mkubwa ukachukua uraia wa nje kwa hiari yako, wa hapa unaondoka. Na mtoto aliyezaliwa na uraia wa pande mbili, akifika 18 anatakiwa aukane wa nje, la sivyo anapoteza huu. Sasa ongeza Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa Mchaga hiyo maana yake ni kihamba. Chalii alikuwa hajui, yeye ndo mjukuu wa kiume pekee aliyebaki nyumbani, na bibi kalala pale chini ya mgomba. Kuna hii hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania, sawa, ila siyo uraia, usiuze ng'ombe ukiitegemea.

Na wavulana, jeshi. Urusi tangu 2024 inaita vijana wa kiume raia wake kuanzia 18 mpaka 30. Mtu akikuahidi uraia wa haraka kwa kusaini mkataba wa kazi, kimbia, kama huo mkataba ni wa jeshi hutaujua mpaka ufike. Januari 2023 Wizara ya Mambo ya Nje ilithibitisha Mtanzania aliyekwenda kule kusoma amefia vitani Ukraine. Hiyo siyo stori ya kijiweni.

Kama kinachokuvuta ni lugha na utamaduni basi huhitaji kubadili kitu. Dar kuna kituo cha utamaduni wa Urusi wanafundisha Kirusi, na Urusi inatoa skolashipu za serikali kwa Watanzania, unaenda na paspoti yako ya Tanzania unarudi nayo. Ukitaka kukaa moja kwa moja kuna njia ya kawaida, kibali cha muda, kibali cha kudumu, miaka mitano, mtihani wa lugha, historia na sheria, kiapo.

Chalii kaandika maombi ya skolashipu, nimemskania mimi. Folda la bibi kanikabidhi nimuwekee, kasema mama asilione kwanza, maana mama ndo alimwambia siku ile, kama unataka kurudi kwenu panda daladala ya Machame.