Logi ni kipeo: namna ya kujifunza vipeo na logi bila kukariri tu

Mwanafunzi akikwama kwenye logi, mara nyingi tatizo lenyewe haliko kwenye logi. Liko nyuma, kwenye vipeo (ile nambari ndogo ya juu, kama 3 kwenye 2³), alikomeza kanuni bila kujua zilikotoka. Basi rudi nyuma kwanza, hata kama uko kidato cha tatu na mtihani unabisha hodi. Jioni mbili zitatosha.

Anza na hesabu ya soko. Wachuuzi wawili wa soko la Kongowea, Mombasa, wana mtaji wa shilingi 10,000 kila mmoja. Wa kwanza anaongeza sh 500 kila mwezi. Wa pili mtaji wake unakua kwa asilimia 4 kila mwezi. Chora jedwali, upige hesabu mwezi baada ya mwezi kwa mkono wako. Mwezi wa 6 wa kwanza ana sh 13,000 na wa pili sh 12,653. Mwezi wa 11 wa kwanza bado yuko mbele. Mwezi wa 12 ni 16,000 kwa 16,010, na mwezi wa 24 ni 22,000 kwa 25,633. Wa kwanza hujumlisha kiasi kilekile. Wa pili huzidisha kwa nambari ileile, 1.04. Ukuaji wa kipeo ni huo wa kuzidisha, na baada ya miezi n mtaji wa pili ni 10,000 × 1.04ⁿ. Ukiona swali lina "asilimia kadhaa kila mwaka", jua uko hapa.

Sasa andika vipeo vya 2 ukishuka: 2⁴ = 16, 2³ = 8, 2² = 4, 2¹ = 2. Kila ngazi unayoshuka unagawanya kwa 2. Usisimame hapo, endelea: 2⁰ ni 1, 2⁻¹ ni ½, 2⁻² ni ¼. Hakuna la kukariri. Kipeo hasi hakiifanyi nambari kuwa hasi, kwa hiyo 2⁻³ ni ⅛, wala si −8 wala −6. Kipeo cha sehemu nacho kinajieleza: 9^½ × 9^½ lazima iwe 9¹, hivyo 9^½ ni 3. Kosa linaloonekana sana kwenye madaftari ni 2³ × 2⁴ = 4⁷. Msingi, yaani ile 2 ya chini, haubadiliki, vinavyojumlishwa ni vipeo, na jibu ni 2⁷. Ukiwa na shaka andika zote kwa urefu: 2×2×2 mara 2×2×2×2, uhesabu zile 2.

Logi ni swali juu ya vipeo hivyohivyo, likiulizwa kutoka upande wa pili. log₂ 8 isome hivi: "2 ipewe kipeo gani ili tupate 8?" Jibu ni 3. Kwa hiyo logi yenyewe ni kipeo, na sentensi hiyo ndiyo ya kushika kuliko kanuni yoyote. Jizoeze kugeuza maandishi pande zote mbili mpaka yatoke bila kufikiri: 10⁻² = 0.01 inakuwa log₁₀ 0.01 = −2; log₅ 125 = 3 inakuwa 5³ = 125. Fanya ishirini kwa mdomo, mwenzako akiuliza. Log ikiandikwa bila msingi, msingi wake ni 10. Hapo utaelewa pia kwa nini hakuna log 0 wala logi ya nambari hasi: 10 hata uipe kipeo gani, jibu litabaki kubwa kuliko sifuri.

Kwa kuwa logi ni vipeo, nambari zikizidishwa logi hujumlishwa, zikigawanywa logi hutolewa. Ila log (a + b) haina kanuni. Jaribu: log 10 + log 10 ni 2, yaani log 100, ilhali log 20 ni 1.3010 tu. Vilevile log 8 ÷ log 2 si log 4. Ni 3.

Kwenye milinganyo, hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Chukua log₂ x + log₂ (x − 2) = 3. Unganisha: x(x − 2) = 2³, kisha x² − 2x − 8 = 0, unapata x = 4 au x = −2. Rudisha majibu yote mawili kwenye swali la mwanzo. −2 inakupa logi ya nambari hasi, kwa hiyo inatupwa. Andika kwamba umeitupa na sababu yake.

Grafu ya y = 2ˣ chora kuanzia x = −2 hadi 4, sentimita 2 kwa kila 1 upande wa x na sentimita 1 kwa kila 1 upande wa y. Unganisha nukta kwa mkono, si kwa rula, na usiuache mstari uguse mhimili wa x.

Majedwali ya logi yanatisha wengi, na kwenye mtihani wa KCSE swali likisema "tumia logi", kikokotoo hakitakuokoa, kwa kuwa mtahini anataka kuona kazi. John Napier alichapisha logi zake mwaka 1614, na Henry Briggs akatengeneza za msingi 10, ili kuzidisha kugeuke kujumlisha. Shida kubwa huja kwa nambari zilizo chini ya 1. Tafuta kipeuo cha tatu cha 0.0467. Iandike 4.67 × 10⁻². Jedwali linakupa 0.6693, na logi nzima ni 2̄.6693, maana yake −2 + 0.6693. Mstari uko juu ya 2 pekee. Desimali ni chanya. Ukigawanya 2.6693 kwa 3 moja kwa moja umepotea. Fanya sehemu hasi igawanyike kwa 3: 2̄.6693 ni sawa na 3̄ + 1.6693. Gawanya kila upande, upate 1̄.5564. Antilogi ya 0.5564, yaani nambari ambayo logi yake ni 0.5564, ni 3.601, na 1̄ ni 10⁻¹, hivyo jibu ni 0.3601. Lihakiki: 0.36 × 0.36 × 0.36 = 0.046656.

Baada ya hapo ingia maswali ya maelezo. Tuktuk imenunuliwa sh 400,000, thamani inashuka asilimia 15 kila mwaka. Lini itakuwa chini ya sh 200,000? Kizidishi ni 0.85, kile kinachobaki, wala si 0.15. Basi 0.85ⁿ < 0.5, na ukichukua logi, n × (−0.0706) < −0.3010. Sasa unagawanya kwa nambari hasi, kwa hiyo alama inageuka: n > 4.26. Ni ndani ya mwaka wa tano. Asiyegeuza alama hupata n < 4.26, yaani tuktuk mpya kabisa tayari ina nusu ya bei! Jibu lisiloingia akilini ni dalili ya alama iliyosahauliwa.

Malizia na sensa. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 939,370 mwaka 2009 na 1,208,333 mwaka 2019. Gawanya, upate 1.2863. Hicho ni kizidishi cha miaka 10, na wengi hugawanya 28.63 kwa 10 wakasema asilimia 2.86 kwa mwaka. Wamesahau kwamba kila mwaka unazidisha juu ya ulioutangulia. Tumia logi: log 1.2863 ni 0.1093, gawanya kwa 10, upate 0.01093, antilogi yake ni 1.0255. Ukuaji ni kama asilimia 2.55 kwa mwaka. Kasi hiyo ikiendelea, muda wa kuongezeka maradufu ni log 2 ÷ log 1.0255, takriban miaka 27.5. Hapa sasa chukua kikokotoo, uweke 1.0255 kwa kipeo cha 27.5. Usipopata karibu 2, rudi kwenye mstari ulioandika antilogi.