Hiti eksichenja na bomba zake: jinsi ya kuzuia presha isizidi, hatua kwa hatua

Mafundi wenzangu, hasa nyie mnaoshika boila kwenye viwanda vya minofu huku Mwanza, naandika hii kwa sababu nakutana sana na mtu kafunga sefti valvu moja (valvu inayojifungua yenyewe presha ikizidi) juu ya boila alafu anahesabu eksichenja, kile chombo ambamo stimu ya boila inapasha maji bila kuchanganyika nayo, nayo imelindwa. Haijalindwa. Ile inalinda upande wa stimu (mvuke wa boila), upande wa maji una hatari yake.

Jumapili moja kiwanda kimesimama, maji ya moto ya kuoshea kreti hayahitajiki, jamaa kafunga valvu ya kutokea, ya kuingilia wala hakuigusa, kumbe pale kuna nonritani (valvu inayopitisha maji njia moja tu) na yenyewe ilishajifunga. Valvu ya stimu ilikuwa inapitisha kidogo. Naangalia geji ya maji iko bar 3 (bar ndio kipimo cha presha), nikashuka kwenye pampu ya ziwani, narudi iko 11 na mshale unapanda unauona kwa macho, sijafika hata kwenye valvu gasketi ya flenji (mpira unaoziba kiungo cha bomba cha boliti) ikatoka kipande, maji ya moto yakaruka mpaka ukutani, pale pale mwenzangu alipokuwa amesimama muda si mrefu.

Hatua ya 1, fuata bomba. Shika chaki, anzia kwenye eksichenja uende na bomba la maji pande zote mbili mpaka ukute kitu cha kwanza kinachoweza kuziba, iwe geti valvu, nonritani, valvu ya umeme, hata chujio lililojaa magugu ya ziwani. Weka alama. Kilichopo kati ya alama na alama kihesabu ni chumba kimoja, kikijaa maji bila hewa yale maji hayana pa kutanukia, nyuzi moja tu ya joto inapandisha bar kadhaa.

Hatua ya 2, tafuta mnyonge, yaani kile kinachohimili presha ndogo kuliko vyote. Soma kibao cha eksichenja, flenji, pampu, geji, na bomba lenyewe. Bomba la plastiki lililoandikwa PN20 ile bar 20 ni kwa maji ya nyuzi 20, likipata moto nguvu inashuka sana. Sefti valvu unaiseti isizidi presha ya huyo mnyonge.

Hatua ya 3, ukubwa wa valvu, na hapa ndio wengi tunateleza. Chukua eksichenja ya kilowati 200. Kama maji yanatanuka tu bila kuchemka, ya kutoa ni kama lita 1.4 kwa dakika, valvu ya robo tatu inchi inatosha kabisa. Ila angalia joto la stimu: stimu ya bar 7 kwenye geji ina nyuzi 170, na maji kwenye bar 6 yanachemka nyuzi 165. Kwa hiyo ukiseti bar 6 yale maji yatachemka ndani kabla hayajafika joto la stimu, na kilowati zile zile 200 zinazalisha karibu kilo 350 za mvuke kwa saa, hiyo sio kazi ya kavalvu ka maji, nunua iliyopimwa kwa mvuke. Kama kila kitu upande wa maji kinahimili bar 10 ukaseti hapo, maji yanahitaji nyuzi 184 kuchemka, stimu yako haifiki, kwa hiyo yatatanuka tu.

Hatua ya 4, mrija ukipasuka ndani, stimu ikaingia upande wa maji. Eksichenja iliyotengenezwa kwa kanuni za ASME (za Marekani, za vyombo vya presha), upande wake wa maji ukiwa wa bar 6, hupimwa kwa maji mara 1.3, yaani bar 7.8, kwa hiyo stimu ya bar 7 haitaipasua. Sawa, lakini bomba zilizoungwa nayo zilipimwa ngapi? Zikiwa hazifiki hapo, hesabu ya stimu itakayopita kwenye mrija uliopasuka lazima uifanye, usiishie kwenye eksichenja.

Hatua ya 5, kufunga. Valvu ikae ndani ya zile alama za chaki, karibu na eksichenja, na kati yake na maji kusiwe na valvu yoyote ya kufunga, nakuomba sana hapo. Bomba la kutolea liwe pana kama mdomo wa valvu au zaidi, litazame chini sehemu watu hawapiti, na mdomo wake uukague kila mwezi maana nimeshatoa udongo wa manyigu umeziba bomba zima. Ukimaliza, siku eksichenja imepoa fungua maji, vuta kile kimkono cha valvu uone maji yanatoka kwa nguvu na ukiachia yanakata, alafu andika tarehe kwenye kibati ukifunge na waya pale pale kwenye valvu.