Somo: Kuandaa sauti za kusikiliza Kiingereza kwa simu, Audacity na spika moja

Habari za jioni walimu. Niliahidi kueleza ninavyoandaa sauti za vipindi vya kusikiliza, nimechelewa kwa sababu ya kusahihisha. Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza na cha pili, shule ya kata huku njia ya Hombolo, Dodoma. Kompyuta sikuisomea. Haya nimeyajua kwa kuharibu.

Nianze na aibu yangu. Mara ya kwanza nilipakua kipindi cha 6 Minute English cha BBC Learning English, nikaazima spika kwa jirani, nikaingia darasani nikabonyeza. Dakika sita zikaisha. Nikauliza wamezungumzia nini. Kimya. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, wamecheka." Kweli walikuwa wamecheka, na hilo ndilo darasa zima liliambulia.

Kipindi hakikuwa na kosa. Kimetengenezwa kwa mtu ambaye Kiingereza anakimudu kiasi. Watoto wangu wamesoma msingi miaka saba kwa Kiswahili, halafu ghafla karibu kila somo ni Kiingereza. Nilikuwa nimewamwagia debe zima wakati wana kikombe.

HATUA YA 1: Amua sikio linatafuta nini

Hii watu wanairuka, wanakimbilia programu. Kiswahili kina irabu tano, na kila irabu tunaitamka kamili. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi, na zisizo na mkazo kinazimeza. Kwa hiyo mwanafunzi ana matatizo mawili tofauti. La kwanza, "ship" na "sheep" kwake ni neno moja, na "hat", "hut" na "heart" zote ni "hat". La pili ndilo kubwa: maneno anayoyajua vizuri kwenye daftari hayatambui yakishaunganishwa. "What do you want" anaisikia kama neno moja refu la kigeni, ingawa ukimwandikia ubaoni anakutafsiria hapo hapo.

Chagua tatizo moja kwa kipindi kimoja. Ukichanganya, hutajua nani kakosa wapi.

HATUA YA 2: Andika mazungumzo mafupi

Sekunde 40 zinatosha, yaani maneno 80 hivi. Mimi naandika vitu wanavyovijua: mtu anauliza bei ya zabibu barabarani, abiria anatafuta basi la Singida, mama mkwe amefika bila taarifa. Mada ikiwa ya kwao, kazi yote inabaki kwenye sikio. Ukiwaletea habari za treni za chini ya ardhi za London, unapima vitu viwili kwa mara moja.

HATUA YA 3: Rekodi

Wenzangu wa Dodoma mnajua adui ni upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti ukirekodi saa nane mchana utasikia bati na vumbi, sauti ya mtu iko mbali kabisa. Mimi narekodi alfajiri, tena stoo, katikati ya magunia ya mtama na alizeti. Magunia yanameza mwangwi kuliko chumba kitupu cha sakafu ya saruji. Asiye na magunia ajifunike blanketi, wala asione haya.

Weka simu kwenye hali ya ndege isiingie simu ya mtu. Ishike umbali wa shubiri moja, kidogo pembeni ya mdomo, la sivyo kila "p" na "b" italipuka. Na kabla hujasema neno, kaa kimya sekunde tano huku inarekodi. Kimya hicho kina kazi yake hatua inayofuata. Kama mna watu wawili, rekodini wawili. Sauti moja ikijijibu yenyewe watoto wanacheka, na wana haki.

HATUA YA 4: Safisha kwa Audacity

Audacity ni programu ya bure ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, na intaneti unaihitaji siku ya kuipakua tu. Hamishia faili kwenye kompyuta, lifungue. Chagua kwa kipanya zile sekunde tano za kimya, nenda menyu ya Effect, tafuta Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Hapo umeionyesha programu kelele ya chumba chako ikoje. Kisha chagua sauti yote, rudi pale pale, bonyeza OK. Fanya mara moja. Ukirudia rudia, sauti inakuwa ya mtu aliyeko ndani ya pipa.

Sasa kasi. Change Tempo inapunguza mwendo bila kugeuza sauti. Usiichanganye na ile inayogusa Speed, kwani hiyo itamfanya dada aongee kama babu. Toa asilimia 10, ukizidi sana 15. Baada ya hapo maneno yanavutika kama ya mlevi.

Ila siku hizi naigusa mara chache. Nikipunguza mwendo, zile irabu zilizomezwa zinarudi kusikika, na hizo hizo ndizo nilitaka sikio lizizoee. Badala yake naacha mwendo wa kawaida, naongeza kimya cha sekunde tatu baina ya sentensi kwa kutumia Silence kwenye menyu ya Generate. Mtoto anapata muda wa kutafuna kabla ya tonge jingine. Kwa maoni yangu kitendo hiki kimoja kimewasaidia kuliko vingine vyote.

Mwisho toa kama MP3, chaneli moja (Mono), ubora wa 64 kbps. Dakika moja inakuwa kama nusu MB, hata mwenye bando la kuunga unga anapakua.

HATUA YA 5: Darasani

Spika iwe katikati ya darasa juu ya stuli. Mbele inawafikia wa mbele peke yao. Mara ya kwanza kalamu chini, swali moja tu: wako wapi? Mara ya pili wajaze nafasi nilizoandika ubaoni. Mara ya tatu ndipo wanapata maandishi, wanasikiliza huku wanafuata kwa kidole. Ukitoa maandishi mapema umefundisha kusoma.

Wasio na muda wa kurekodi: BBC Learning English wanaweka sauti pamoja na maandishi, kata sekunde 40 uitumie. LibriVox wana vitabu vya zamani vilivyosomwa na watu wa kujitolea, havina tena hakimiliki Marekani. YouTube unaweza kushusha mwendo hadi 0.75, lakini maandishi yanayojitokeza yenyewe yapitie kwanza, majina ya kwetu yanayaharibu vibaya.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu wa Mpwapwa: Madam, mimi sina kompyuta. Nifanyeje?

Jibu: Rekodi kwa simu, kata mwanzo na mwisho kwa kinasa sauti chenyewe kama chako kinakata. Vile vimya viweke mwenyewe unaporekodi: maliza sentensi, hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, endelea. Programu ya VLC ya simu inabadili mwendo wakati wa kucheza sauti. Nilifanya hivyo muhula mzima.

Mwalimu wa Kondoa: Shikamoo mwalimu. Lafudhi yangu ni ya nyumbani kabisa. Sitawaharibu?

Jibu: Marahaba. Nami niliogopa hilo. Lakini hao watoto watakaoongea nao Kiingereza maishani ni Wakenya, Wahindi, Wachina, Wazambia. Mwingereza watakutana naye kwa nadra. Lafudhi yako si ugonjwa. Ninachochunga ni tofauti zinazobeba maana. Kabla ya kurekodi jozi kama "ship" na "sheep" naingia Forvo, tovuti ambayo watu wametamka maneno ya lugha zao, nasikiliza watu watatu wanne, najirudia mpaka mume wangu akiwa chumba cha pili anaandika neno sahihi. Akikosa, sirekodi. Halafu kila baada ya wiki mbili naleta sauti ya mgeni, wasizoee yangu peke yake.

Mwalimu wa Kongwa: Nilijirekodi WhatsApp, nikaweka kwenye flashi, redio haisomi.

Jibu: Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni faili la opus, redio nyingi za flashi zinataka MP3. Lipitishe Audacity ulitoe upya. Likikataa kufunguka, weka FFmpeg kwanza, nyongeza ya bure inayoisaidia Audacity kufungua aina nyingi za faili. Ukimtumia mwenzio MP3 kwa WhatsApp, itume kama waraka (Document).

Mwalimu wa Bahi: Wanafunzi 90 na umeme unakatika.

Jibu: Spika ya kuchaji, uichaji usiku. Kwa 90 gawa darasa: nusu wanasikiliza, nusu wanaandika kazi nje chini ya mti, mnabadilishana.

Mwalimu wa Dodoma mjini: Mimi nafundisha Kiswahili wageni. Njia hii inafaa?

Jibu: Inafaa sana, tena hatua ya kwanza ndiyo ubadilishe. Mgeni hapotezwi na irabu zetu, anapotezwa na vile viungo vya katikati ya kitenzi. "Nimekuona" na "nimemwona" kwenye karatasi anazijua, mtu akizisema haraka sokoni Majengo haelewi nani kamwona nani. Rekodi jozi za namna hiyo, mwulize "nani?" tu.

Mwalimu wa Mpwapwa: Asante Madam. Ile ya zabibu unaweza kunitumia?

Jibu: Kesho asubuhi nikiwa ofisini. Sasa hivi bando limebaki la meseji.