Somo: Kufunga injini ya mashine ya nyasi kwenye baiskeli (soma yote ndipo uulize)

Wakuu, naandika mara moja, basi. Kila nikishika simu kuna mtu anauliza "nitumie meno mangapi?" Jibu liko hatua ya 3.

1. Baiskeli: fremu ya chuma, tairi za inchi 26, spoku zote ziwe zimekaza.

2. Injini: ya mashine ya kufyekea nyasi, yenye klachi inayojishika yenyewe mzunguko ukipanda. Iwashe ikiwa mezani, na uangalie inazunguka upande gani kabla hujakata chuma chochote.

3. Meno ya sproketi (vile visahani vya meno vinavyovuta cheni). Gurudumu la inchi 26 likizunguka mara 250 kwa dakika, unakwenda kama kilomita 31 kwa saa. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000, unatakiwa kupunguza mara 24. Cheni moja haifikishi hapo, kwa hiyo weka ekseli ya kati, baina ya injini na gurudumu. Meno 11 ya injini yavute 44, halafu meno 9 ya ekseli yavute 54 ya gurudumu. Nne mara sita, umemaliza. Ekseli yenyewe naikata kwenye baiskeli iliyokufa: bomba la pedeli zima na beringi zake.

4. Sproketi ya gurudumu ikae kushoto, kulia waachie pedeli. Tafuta habu (kitovu cha gurudumu) ya breki ya diski, ina matundu 6 tayari. Breki ya nyuma basi iwe ya kubana rimu.

5. Kulinganisha cheni. Hapa soma taratibu. Baiskeli yangu ya kwanza nilikadiria kwa jicho, nikachomelea kitako cha injini, nikajipongeza. Sproketi zilikuwa zimepishana milimita 5 tu. Cheni ilivumilia dakika kumi hivi, ikapanda juu ya meno, ikadondokea kwenye spoku. Gurudumu la nyuma liligoma papo hapo. Nilichora mstari mweusi barabarani, spoku saba zikakatika, na ngozi ya kiwiko ikabaki kwenye lami. Siku hizi nalaza rula ndefu ya chuma ubavuni mwa sproketi zote mbili, na kila moja lazima iguswe sehemu mbili. Nachomelea nukta tu kwanza, nazungusha gurudumu kwa mkono, napima tena, ndipo namalizia, maana chuma kikipoa huvuta. Cheni icheze kama sentimita 1 katikati, ukipima pale ilipokaza zaidi.

ONYO: tangi la mafuta litoke na lipelekwe mbali kabla hujawasha mashine ya kuchomelea. ONYO la pili: usitoboe bomba la fremu, ufa huanzia kwenye tundu. Na cheni ifunikwe. Vidole havina spea.

6. Breki mbili zinazoshika, kabla ya tone la petroli.

7. Akseli (ya kuongezea mafuta, siyo ekseli) ukiiachia irudi yenyewe. Swichi ya kuzima ikae karibu na kidole gumba.

8. Oili: fuata kipimo cha injini yako. Ikiwa ni 50 kwa 1, ni mililita 20 kwa lita ya petroli.

MASWALI

Mwendokasi: Mkuu, meno mangapi?
— Hatua ya 3.

Mwendokasi: Breki ya mbele sina, si nitatumia miguu?
— Hapana.

Mwendokasi: Mbona mkali?
— Siyo ukali. Kiwiko changu umekisoma hapo juu. Funga breki, urudi tuongee.

SpokuMoja: Nikipiga pedeli injini ikiwa imezimwa, baiskeli ni nzito kwa sababu navuta cheni zote mbili na ekseli. Friwili ya baiskeli (ile sproketi inayoshika upande mmoja tu) itasaidia?
— Swali zuri hili. Itasaidia, ila inategemea unaiweka wapi. Ikae mwisho wa kushoto wa ekseli ya kati, ekseli ndiyo iizungushe, yenyewe ivute gurudumu. Hapo inashika, na uzi wake unazidi kukaza. Ukiiweka kushoto hukohuko lakini ivutwe na cheni ya injini, itacheka tu kri-kri-kri na baiskeli haitoki. Ugumu uko kwenye meno. Friwili ya meno 16 kwa 54 inakupa mara 3.4 badala ya 6, kwa hiyo cheni ya kwanza iwe meno 10 kwa 70. Na cheni ya pili pamoja na sproketi ya gurudumu viwe vya saizi ya baiskeli. Ukimaliza weka picha, nami nataka kuiona.

SpokuMoja: Nimeelewa. Nitaanza na karatasi na penseli.

NatiMbili: Nje ya mada kidogo. Nataka kupaka grisi beringi za hilo bomba la pedeli, kikombe cha kulia kimegoma kabisa. Nimepiga mpaka nyundo.
— Weka nyundo chini. Baiskeli nyingi uzi wa upande huo umegeuzwa. Zungusha kufuata mwendo wa saa.

NatiMbili: Kimetoka. Kumbe nusu saa nzima nilikuwa nakaza.